Jua kupatwa Agosti 2027: ndege wa Gede watanyamaza kweli? Na macho ya watoto je?

Mwalimu wa Gede

Salamu kwenu wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Gede, kaunti ya Kilifi, na ndiye mlezi wa klabu ya mazingira. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Giza kamili litapita kusini mwa Uhispania, Afrika ya Kaskazini, Luxor, Jeddah na Makka, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor litadumu dakika 6 na sekunde 23. Sisi wa pwani ya Kenya hatumo katika njia hiyo. Tutaona jua limeng'atwa upande tu, mchana, baada ya saa saba.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la ndege. Wanafunzi wangu wameshikilia kwamba ndege watanyamaza na kurudi mitini kulala, maana wameona video za Marekani za mwaka 2024. Nataka wafanye uchunguzi wenyewe, waandike, na matokeo tuyabandike ukutani. Lakini sitaki kuwagawia madaftari kisha kila mmoja aandike kile alichokwisha kukiamini nyumbani. Mwenye uzoefu wa ndege anieleze tuhesabu nini, na lini.

La pili ni macho. Mwalimu mkuu amesema kama shule haitakuwa imefungwa siku hiyo, watoto wote wakae madarasani, madirisha yafungwe, mpaka jua lirudi. Upande mwingine kuna mzazi, mtu mwema kabisa, aliyeniahidi bunda la picha za eksirei za marehemu babake ili watoto watazamie. Baina ya hao wawili sijui nisimame na nani.

Mwalimu mkuu aliongeza pia kwamba mambo ya anga si yetu. Nikamwambia, mzee, hapo Ngomeni, juu ya Malindi, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani, na ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Akasema setilaiti ni ya Wamarekani, mtambo ni wa Waitaliano, letu ni jina tu. Hapo nikanyamaza.

Kijana wa Majengo

2027 mwalimu? Sisi wengine hata kesho hatujaipanga.

Mtembeza ndege, Mida

Shikamoo mwalimu. (Walimu nawaamkia wote, hata niliowazidi umri. Ndivyo nilivyolelewa.)

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kutazama ndege, kwenye hori ya Mida, pale bahari inapoingia nchi kavu, na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nikuambie tangu mwanzo nionavyo mimi: siku hiyo ndege wa Gede hawatafanya lolote la ajabu, na watoto wako wataandika kwamba wamefanya. Kwa hiyo kazi yako kubwa haiko kwa ndege, iko kwa madaftari.

Hebu fikiria. Saa saba, saa nane za mchana wa Agosti, ni ndege gani anayeimba hapo Gede? Kurumbiza amenyamaza tangu asubuhi. Shorewanda yuko kivulini. Tetere labda, na kunguru, ambaye hanyamazi hata matangani. Mtoto akiambiwa asikilize kama ndege watanyamaza, kimya atakisikia, kwa sababu kimya hicho kipo kila siku saa hizo, ila hakuna aliyewahi kumpa daftari akiandike.

Nililiona jambo hili tarehe 3 Novemba 2013. Mtakumbuka siku ile giza kamili lilipita kaskazini mwa Uganda, Pakwach kule, na Turkana kwetu. Lilikuwa la sekunde chache tu, na Turkana wageni wengi waliambulia tufani ya mchanga. Huku pwani jua lilimegwa kipande. Nilikuwa na kikundi cha Waingereza kwenye lile daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko ya Mida. Jua likiwa limemegwa, kunguru wakaanza kupita juu yetu makundi kwa makundi kuelekea kwenye minazi wanakolala, na wageni wangu wakashangilia: tazama, ndege wamedanganyika! Ilikuwa yapata saa kumi na moja na nusu jioni. Kunguru wale hupita pale saa hiyo kila jioni ya Mungu, jua lipatwe lisipatwe. Niliwaambia. Hawakufurahi, na bakshishi ilisema hivyo.

Sasa wanaofanya utafiti wameshughulikaje na jambo hili? Tarehe 31 Agosti 1932, jua lilipopatwa kaskazini-mashariki mwa Marekani, mtaalamu wa wadudu William Morton Wheeler na wenzake wa chama cha elimu ya viumbe cha Boston waliwaomba wananchi wa kawaida waandike walichowaona wanyama wakifanya. Zikaja taarifa karibu 500. Kazi ile naiheshimu sana. Ila mtu anayejua kwamba jua linapatwa huandika kilichomshtua. Ng'ombe aliyeendelea kula majani haingii daftarini.

Tarehe 21 Agosti 2017 wakawa na njia nyingine: rada za hali ya hewa. Rada ile ile inayoona mvua huwaona pia ndege na wadudu walio hewani, na uzuri wake ni kwamba haina hamu ya kuona chochote. Walitumia rada 143, Marekani nzima. Kadiri giza lilivyokaribia, viumbe walipungua hewani kama wanavyopungua magharibi. Lakini lile wimbi la ndege wanaohama, ambao hupaa kwa wingi usiku unapoingia, halikutokea. Kwa hiyo ndege walishuka kama ilivyo jioni, ila hawakuhesabu kwamba usiku umefika. Mimi hapo ndipo niliposadiki kwamba ndege ana zaidi ya kitu kimoja kinachomwambia saa.

Siku hiyo hiyo, Candace Galen wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake walitundika vinasa sauti vidogo karibu na maua, na waliowasaidia ni pamoja na watoto wa shule za msingi, mwalimu, kama wako. Walikuwa wanasikiliza nyuki. Jua lilipokuwa linamegwa kidogo kidogo, nyuki waliendelea na kazi. Giza kamili lilipoingia, kimya. Katika vituo 16 walisikia mvumo wa nyuki mmoja tu kwa muda wote wa giza. Soma hapo mara mbili: hawakupunguza kazi polepole kadiri jua lilivyopungua, waliacha giza lilipokuwa giza.

Na hizo video za wanafunzi wako zinatoka kwenye tukio la tarehe 8 Aprili 2024. Chuo Kikuu cha Indiana, Liz Aguilar na Kimberly Rosvall, walitengeneza programu ya simu watu waandikie walichoona, na wakaacha vinasa sauti nje. Walipata sauti za ndege kama 100,000, zikachambuliwa na programu ya BirdNET inayotambua ndege kwa sauti. Aina 52 zilisikika na 29 kati yake zilibadilisha uimbaji wake wakati fulani wa tukio. Kilichonishangaza mimi si kunyamaza. Kilichozidi ni kuimba mwanga uliporudi, kana kwamba kumekucha: robini wa Marekani aliimba mara sita ya kawaida yake, na bundi wenye milia walilia mara nne ya kawaida. Giza lile lilikuwa la dakika nne hivi.

Umeona, mwalimu? Kote huko ni giza kamili. Sisi tutabaki na jua la kutosha. Jicho la mtu, na sidhani la ndege linatofautiana sana, haliwezi kujua kwamba theluthi ya mwanga imetoka ikitoka taratibu kwa saa nzima. Na Agosti ni kusi. Wingu moja zito likipita mbele ya jua litapunguza mwanga kuliko kumegwa huko kote, na mtoto ataandika "jua lilipopatwa, njiwa aliacha kulia".

Nina lingine la kukutahadharisha, na hili sijalisoma popote, nimelifikiri kwa kuwa naishi kwenye hori. Jua halipatwi ila mwezi unapokuwa mchanga kabisa, uko baina yetu na jua. Na mwezi ukiwa hivyo ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mida, siku za bamvua, maji hupwa asubuhi mida ya saa nne na kujaa alasiri mida ya saa kumi. Maana yake, saa ile jua linamegwa, maji yatakuwa yanapanda kwa kasi na chekeamwezi wote waliokuwa wakila matopeni watakuwa wanaruka kwa vikundi kutafuta pa kusimama. Mtu asiyejua bahari atatoka pale na makala ya gazeti. Kwa hiyo usiwapeleke watoto Mida. Baki nao shuleni, na ndege wa nchi kavu.

Hesabuni hivi. Chagueni kitu kinachohesabika, si "kelele" wala "utulivu". Kama kuna mti wenye viota vya mnana, hesabuni mnana wanaoingia na wanaotoka kila dakika tano. Kama hakuna, hesabuni mara ngapi tetere amelia. Mfanye Jumapili saa zile zile, Jumatatu, na Jumanne, kwa karatasi ya namna moja. Mtoto anayehesabu aupe mgongo upande wa jua. Mwingine kazi yake iwe wingu tu: lipo, halipo. Na kama unaweza, wanaohesabu wasiambiwe kilele cha kumegwa ni saa ngapi.

Kama una nafasi ya kundi la pili, nenda pale Kipepeo, mradi wa kufuga vipepeo kwenye magofu, uwaombe wakuruhusu kutazama vipepeo. Kipepeo anategemea joto la jua kuruka, si kama mnana mwenye damu moto. Kama kuna kiumbe Gede kitakachoona tofauti, nitaweka dau langu kwake. Dau dogo.

Msipoona tofauti yoyote, andikeni hivyo hivyo na mbandike ukutani.

Mpunga Rujewa

Nimesoma bandiko la mkuu wa Mida nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwepo Rujewa, wilaya ya Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016. Ndiyo kwetu. Siku ile mji ulifurika, watu wametoka Mbeya, Iringa, Dar, wanafunzi kwa mabasi, na wazungu na madarubini yao. Jua halikuzibwa lote, lilibaki pete. Ilikuwa karibu saa sita mchana na pete ilikaa kama dakika tatu.

Zaidi ya asilimia 90 ya jua ilikuwa imefunikwa, lakini msidhani kulikuwa giza. Mwanga ulipauka tu. Haukuwa wa jioni, kwa sababu wa jioni una wekundu na unakuja kwa upande. Huu ulikuja kutoka utosini, mweupe, dhaifu, na vivuli vya vidole ukavihesabu ardhini. Ubaridi tuliusikia wote. Nilikuwa karibu na banda la mama lishe. Kuku wake waliendelea kuparua chini ya meza za wateja mwanzo hadi mwisho. Jirani yangu anaapa mpaka leo kwamba jogoo wake aliwika jua lilipofunikwa. Sibishani naye. Tumekaa jirani miaka na jogoo yule huwika anapojisikia.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia tutazame, tukakiona wenyewe, ni chini ya mwembe. Pale ambapo kwa kawaida pana madoa madoa ya mwanga yanayopita kwenye majani, yaligeuka hilali, mamia ya hilali juu ya vumbi, zote zimelala upande mmoja. Kisha zikawa pete. Watoto waliokuwa hawana miwani walikaa pale chini ya mwembe wakizichora kwa kijiti. Walifaidi kuliko mimi niliyepiga foleni ya miwani.

Mwenye kuja kwetu kusini ajue lingine la pete lipo tarehe 21 Mei 2031, Angola, Zambia, Kongo, Tanzania.

Nesi wa macho, Tanga

Mwalimu, usisimame na mwalimu mkuu wala na mzazi. Nianze na mzazi kwa sababu yeye ndiye hatari zaidi, Mungu amlipe nia yake.

Picha ya eksirei inapunguza mng'aro mpaka jicho linastarehe, na hilo ndilo baya lake. Mtoto akitazama jua kwa macho makavu, atafumba na kugeuka mwenyewe baada ya muda mfupi. Ukimpa kitu cheusi kidogo, atakodoa dakika nzima, na mwanga na joto lisiloonekana vinaendelea kupita. Sehemu ile ya nyuma ya jicho inayoungua haina neva za maumivu. Hakuna kitakachomwambia aache. Atacheza jioni, atakula, atalala, na asubuhi atamwambia mamake kwamba katikati ya kila kitu anachotazama kuna doa, au mistari ya daftari imepinda. Dawa ya kurudisha hakuna. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi, wengine doa hubaki. Na lenzi ya jicho la mtoto ni safi kuliko ya mtu mzima, inaingiza mwanga mwingi zaidi.

Vivyo hivyo: miwani ya jua, hata miwili juu ya mmoja, kioo kilichopakwa moshi wa kibatari, CD, na jua linalotazamwa ndani ya beseni la maji, ambalo bibi zetu walitufundisha. Kioo cha fundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa namba 12 hadi 14, lakini nenda kwa fundi wa mageti mtaani kwako uone amevaa nini. Nusu yao wamevaa miwani ya jua ya sokoni.

Sasa nataka kuongeza kwenye maneno ya kaka wa Mida, maana amesema ndege hawatahisi kwa kuwa jua limemegwa tu. Watu wengi husikia hivyo wakadhani basi na macho yako salama kwa kuwa limemegwa tu. Ni kinyume. Tarehe 11 Agosti 1999 jua lilipatwa Ulaya, na hospitali ya Leicester Royal Infirmary, Uingereza, ikapokea watu 45 waliohofia macho yao. Miezi saba baadaye wanne kati yao bado waliona alama ya lile doa. Leicester haikuwa kwenye giza kamili. Mwaka 2017 msichana wa New York, umri wa ishirini na kitu, alitazama mara kadhaa bila kinga ya kutosha, na madaktari wa Mount Sinai walipompiga picha ya nyuma ya jicho kwa mtambo wa kisasa, walikuta kovu lenye umbo la hilali. Jua lenyewe, lilivyokuwa limemegwa saa ile, limejichora ndani ya jicho lake. New York siku hiyo lilifunikwa karibu asilimia 70 tu.

Penye giza kamili kuna zile dakika chache ambazo mtu anaweza kuvua miwani. Gede hakutakuwa na sekunde moja ya namna hiyo. Liwekeni hilo kwenye barua ya wazazi.

Kuhusu kuwafungia. Namwelewa mwalimu mkuu, anaogopa lawama. Lakini mwalimu, darasa lenye watoto hamsini lina watoto watano watakaoomba ruhusa ya kwenda chooni saa nane kasoro, na hao watano watatazama bila mtu wa kuwaangalia. Bora watoke wote pamoja, wakilipa jua mgongo. Toboa tundu la pini kwenye kadibodi, mwanga upite utue kwenye karatasi nyeupe, utaona hilali ndogo pale. Au lile jambo la mwembe wa Rujewa, ambalo ni tundu la pini hilo hilo, ila la bure. Kofia ya ukili yenye vitundu nayo inafanya kazi.

Ukiamua kununua miwani ya kupatwa kwa jua, iwe na alama ya ISO 12312-2, na usiiamini alama peke yake kwa sababu mtu yeyote anaweza kuichapa. Ivae ndani ya nyumba. Ukiona chochote zaidi ya mwanga hafifu wa taa kali, irudishe. Ikiwa na mkwaruzo, tupa.

Mtu wa Unguja, Jeddah

Assalaam aleykum jamaa. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Jeddah, kazi yangu udereva wa familia moja. Tutakuwa katikati ya giza lenyewe, zaidi ya dakika tano, saa saba na kitu mchana. Bosi ameshasema niwapeleke nje ya mji, jangwani, watazame. Nimesoma yote mliyoandika. Kwanza nimefurahi, pili nimeingiwa na wasiwasi kidogo na hiyo safari.

Kuna jambo kaka wa Mida amenikumbusha. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (SAW), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Mtume akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Alikuwa na majonzi ya mwanawe, na angeweza kunyamaza tu. Kwetu hapa misikiti itaita watu kwa swala ya kupatwa, kwa hiyo nami nitakuwa baina ya bosi na msikiti.

Ndege hapa ni njiwa na kunguru basi. Mkitaka nirekodi, niambieni simu niiweke vipi.

Nesi wa macho, Tanga

Waaleykum salaam kaka. Wasiwasi wako una msingi. Madaktari wawili wa Canada, Redelmeier na Staples, walitazama kumbukumbu za ajali za barabarani za vifo Marekani katika siku tatu za tukio la 2017, wakalinganisha na siku kama hizo za wiki nyingine. Ajali ziliongezeka kwa asilimia 31. Watu wanasafiri barabara wasizozizoea, wanaharakisha wasichelewe, wanasimama kandoni, kisha wote wanarudi kwa pamoja. Madaktari wa macho huzungumza sana siku hizo; wa mifupa hawaulizwi. Mwambie bosi mtoke asubuhi mapema na mrudi magharibi ikishapita. Wakati wa kumegwa usiendeshe. Na swala utaiswali huko huko jangwani.

Mtembeza ndege, Mida

Mtu wa Unguja, wewe ndiye mwenye bahati yetu sote, tafadhali usiipoteze kwa kupiga picha. Acha simu nyumbani, dirishani, si jangwani. Mji una njiwa, jangwani utarekodi bosi wako. Iweke kwenye kivuli, chaja imechomekwa, hali ya ndege (airplane mode) ili isiite, irekodi kuanzia saa sita hadi saa tisa. Jumapili yake fanya hivyo hivyo, na Jumanne. Bila hizo siku mbili sina haja na ya Jumatatu. Sema kwa sauti mwanzoni tarehe na saa, kisha ondoka. Njiwa wa mjini wamezoea taa za barabarani usiku kucha, na ndiyo maana nataka kuwasikia: sijui watalala au watasubiri taa ziwake.

Mwalimu wa Gede

Nimewaelewa, na nimepata zaidi ya nilichoomba. Leo mchana nimejaribu kitu. Niliwaambia wanafunzi wanane wakae nje saa nane kamili, wahesabu tetere kwa dakika ishirini, sikuwaambia kwa nini. Hakuna jua lililopatwa leo, kama mjuavyo. Watatu waliandika sifuri mwanzo hadi mwisho. Mmoja, msichana mdogo kuliko wote, aliandika milio kumi na saba na pembeni akaongeza: "nne zilitoka kwa tetere mmoja wa nyuma ya jikoni, huenda nimemhesabu mara mbili." Yeye ndiye atakayekuwa mkuu wa karatasi.

Mwalimu mkuu nimemsomea sehemu ya yule msichana wa New York, na ya wale watoto watano wa chooni. Amenyamaza, akasema watatoka, ila yeye mwenyewe atakuwepo uwanjani na filimbi. Mzazi wa picha za eksirei bado sijamkabili. Nafikiria kumwomba kadibodi badala yake, ana duka la viatu.

Swali langu la mwisho kwa kaka wa Mida. Tunao mnana kwenye mnazi wa nyuma ya choo cha wavulana, viota vingi. Lakini ukikaa pale kuhesabu unatazama magharibi, na saa nane jua litakuwa limeanza kuelekea huko huko.

Mtembeza ndege, Mida

Basi mnana hao waache, hata wawe mia. Hakuna mtoto atakayekaa saa mbili akitazama upande wa jua na asilitazame. Chukua tetere, hao huhesabiwa kwa masikio, na mtoto anaweza kukaa amegeukia ukuta. Nitapita hapo Gede Jumamosi ijayo nikitoka msituni, nioneshe uwanja tuone ukuta upi una kivuli saa nane. Yule msichana wa karatasi awepo.